Vyombo Vitokavyo Maziwa Mengine Vikaguliwe Mpanda

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikubaliana kwamba dagaa na migebuka wapewe nafasi ya kuzaliana. Mengi yalisemwa wakati ule, na yalisemwa kwa haki, juu ya riziki ya wavuvi wa Karema na Ikola, juu ya mikopo ya nyavu, na juu ya bei ya kitoweo katika masoko ya Mpanda. Lakini lipo jambo moja lililopita bila kuguswa. Ziwa linapofungwa, mvuvi haoti mizizi ufukoni. Mwenye injini na nyavu hutupa macho kwenye maji mengine: Ziwa Rukwa, ambalo liko jirani, au Ziwa Victoria, ambako ana ndugu na wenyeji. Ziwa linapofunguliwa hurudi kwao, yeye na vyombo vyake. Swali letu ni hili: vyombo hivyo hurudi na nini ndani ya maji ya ngama?

Twauliza hivyo kwa sababu ya mnyama mdogo aitwaye kome. Watu wa mwambao wanamjua kwa gamba lake lenye pande mbili zinazofumba na kufumbuka. Kome wa asili wa ziwa letu hana ugomvi na mtu. Hujifukia mchangani na kuishi humo taratibu. Zipo hata hivyo aina chache za kome kutoka nchi za mbali ambao tabia yao ni nyingine kabisa. Hawa hawalali mchangani, bali hujishikiza kwa nyuzi ngumu juu ya kitu chochote kigumu wanachokikuta: jiwe, nguzo ya gati, mdomo wa bomba, ubavu wa boti, hata gamba la kome mwingine aliye hai. Mmoja hujibandika juu ya mwenzake mpaka wanakuwa tabaka nene. Majike hutoa mayai kwa maelfu mengi, na watoto wao huelea majini kwa siku kadhaa wakiwa wadogo kiasi kwamba jicho la mtu haliwaoni. Hapo ndipo penye hatari, maana maji kidogo yaliyosahaulika ndani ya chombo yaweza kuwabeba kutoka ziwa moja hadi jingine.

Historia yao katika Amerika ya Kaskazini inajulikana vizuri, na inafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Kome wenye milia kama punda milia, ambao kwao ni mito na maziwa ya pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, walivuka Atlantiki ndani ya maji ya farumi, yaani yale maji yanayotiwa ndani ya meli tupu ili ikae sawasawa baharini. Mwaka 1988 waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Kanada na Marekani. Mwezi Desemba mwaka uliofuata, mji wa Monroe katika jimbo la Michigan, ambao hunywa maji ya Ziwa Erie, ulikauka mabomba: kome na barafu vilikuwa vimeziba mahali pa kuvutia maji. Ulikuwa mji wenye mitambo ya kisasa, wenye wahandisi na fedha. Tangu hapo serikali, makampuni ya umeme na miji ya eneo lile hutumia fedha nyingi kila mwaka kukwangua mabomba, na hakuna anayetarajia kwamba siku moja kazi hiyo itakwisha.

Kisha kome wa jamii hiyo hiyo walifanya jambo ambalo kwa akili ya kawaida lisingewezekana. Mwezi Januari 2007 walikutwa katika Ziwa Mead, karibu na mji wa Las Vegas, mbali kabisa magharibi, ng'ambo ya milima na jangwa. Hakuna mto uliowapeleka huko. Walipelekwa na boti zilizovutwa nyuma ya magari barabarani. Mwenye boti alivua samaki wake mashariki, akaipandisha boti yake kwenye tela, akaendesha siku mbili tatu, akaishusha katika maji mengine. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa likizoni.

Atakuwapo msomaji atakayesema kwamba hayo ni mambo ya nchi za baridi, na kwamba jua la kwetu litawamaliza wageni kama hao. Twamwomba atazame Amerika ya Kusini. Huko alifika kome mwingine, aitwaye kome wa dhahabu kwa rangi ya gamba lake, ambaye kwao ni mito ya China na Asia ya Kusini Mashariki na ambaye maji ya vuguvugu hayamsumbui. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1991 kwenye mlango wa mto Río de la Plata, nchini Argentina. Kufikia mwaka 2001 alikuwa ndani ya bwawa kubwa la umeme la Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paraguai. Watafiti waliomfuatilia walikadiria kwamba alipandisha mto kwa kiasi cha kilomita 240 kwa mwaka. Kome hawezi kuogelea kinyume cha mkondo. Alibebwa na meli na boti za mto. Mwezi Oktoba 2024 kome huyo huyo aligunduliwa California, ikiwa mara yake ya kwanza kuonekana Amerika ya Kaskazini.

Hatuandiki haya ili kumtia mtu hofu. Kome hao hawajaripotiwa katika Ziwa Tanganyika, na yeyote atakayesoma makala haya kisha akaenda kutangaza mwaloni kwamba wamefika atakuwa amepotosha. Tunachosema ni kwamba ziwa ambalo bado ni safi ndilo pekee ambalo kanuni zinaweza kulisaidia. Mahali ambapo kome hao wameingia katika ziwa kubwa, hakuna serikali iliyofanikiwa kuwaondoa. Huwezi kutia dawa katika maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha mita 1,470.

Tena si lazima mgeni awe kome. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kupata somo letu wenyewe, na tumelilipia. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo yalipendwa kwa maua yake, yalionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakiingia pia kwa njia ya mto Kagera. Kufikia mwaka 1998 yalikuwa yametanda juu ya maelfu ya hekta. Ghuba zilifungwa, mitumbwi ilishindwa kutoka, meli zilishindwa kukaribia gati, na konokono wa kichocho walipata makao mapya. Ililazimu kuletwa mbawakavu wanaokula mmea huo, wakafugwa kwa wingi na kuachiwa ziwani, ndipo nafuu ikapatikana. Nafuu hiyo nayo si ya kudumu. Mapema mwaka 2025 magugu yalizidi tena katika Ghuba ya Mwanza hata vivuko vya Kigongo na Busisi vikakwama na abiria ndani yake. Daraja kubwa lililozinduliwa pale mwezi Juni mwaka huo limewaokoa wenye magari. Halikumwokoa mwenye mtumbwi.

Kusini kwetu, nchini Zambia, yuko kamba wa maji baridi mwenye asili ya Australia, aliyeletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya ufugaji. Alitoroka mabwawani. Sasa yumo katika mto Kafue na katika Ziwa Kariba, ambako wavuvi hulalamika kwamba huwatafuna samaki wakiwa bado wamenasa wavuni. Zambia ni mshirika wetu katika Ziwa Tanganyika kwa upande wa Mpulungu. Kati ya Kafue na Mpulungu ipo barabara ya lami.

Wala tusijifanye kwamba ziwa letu limekuwa likipokea tu. Dagaa wa Tanganyika walichukuliwa wakapelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko kote wakawa riziki ya maelfu ya watu. Sangara naye alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alijenga viwanda vya minofu na akaleta fedha za kigeni, na pamoja na hayo anahesabiwa kuwa sababu kubwa ya kutoweka kwa aina zipatazo mia mbili za samaki wadogo ambao hawakuwako penginepo duniani. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kiumbe kinachohamishwa ni balaa. Twasema kwamba kuhamisha kiumbe ni uamuzi mkubwa, na uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa na maji machafu chini ya mtumbwi.

Katika Ziwa Tanganyika hasara ingekuwa kubwa kuliko mahali pengi. Ziwa hili ni la zamani mno, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na limeshika kiasi cha asilimia 17 ya maji baridi yaliyo juu ya uso wa nchi. Katika muda wake mrefu limejitengenezea viumbe vyake lenyewe. Konokono wake wana magamba mazito yenye miiba na mikunjo kama wa baharini, hata mtaalamu mmoja Mwingereza, J. E. S. Moore, aliyelichunguza ziwa mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kitabu kizima akitaka kuthibitisha kwamba zamani liliungana na bahari. Alikosea, lakini ukiyatazama magamba hayo utamsamehe. Wapo samaki wadogo ambao hutaga na kulea watoto wao ndani ya magamba matupu ya konokono yaliyorundikana chini ya maji, na hawana nyumba nyingine. Kome mgeni anayebandika kila gamba na kila jiwe angewafungia mlango samaki hao na angewasonga kome wa asili. Zaidi ya hayo, kome wa namna hii huishi kwa kuyachuja maji na kula vijimea vidogo vinavyoelea, vijimea ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Hapo habari ya viumbe adimu inageuka kuwa habari ya sufuria ya ugali wa jioni.

Lipo na suala la maji ya kunywa. Serikali imekwisha kueleza nia yake ya kuyavuta maji ya Ziwa Tanganyika kwa ajili ya miji ya Katavi na Rukwa, na wakazi wa Mpanda, wanaojua adha ya kiangazi, wanaingojea siku hiyo kwa hamu. Maji hayo yatapita katika bomba, na bomba litakuwa na mdomo ziwani. Tumekwisha kueleza yaliyoupata mji wa Monroe.

Basi wenzetu wamefanya nini? Kanuni wanayoisisitiza kwa wenye boti ina maneno matatu: safisha, mwaga, kausha. Chombo kikitoka majini huondolewa matope, majani na kila kilichonasa. Maji yote humwagwa, ya ngama, ya injini na ya vyombo vya kuhifadhia samaki. Kisha chombo huachwa kikauke, mara nyingi kwa siku tano au zaidi, kabla ya kuguswa na maji mengine. Asiyeweza kungoja huoshewa chombo chake kwa maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 60 za Sentigredi, joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia. Katika Ziwa Tahoe, ambalo nalo ni lenye kina kirefu na maji maangavu, ukaguzi wa boti ulifanywa wa lazima tangu mwaka 2008, na zaidi ya miaka 15 baadaye kome wale walioenea Ziwa Mead walikuwa bado hawajapata makao humo. Baada ya kome wa dhahabu kufika California, baadhi ya maziwa ya huko yalianza mwaka 2025 kudai kwamba boti ikae nchi kavu siku 30, ikiwa imefungwa kwenye tela lake kwa lakiri, kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Hapa ndipo tunapopenda maofisa wetu wawe waangalifu. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye boti yake ni mchezo wa Jumamosi. Mvuvi wa Karema aliyewekewa chombo chake ufukoni siku 30 hakuahirisha starehe. Amekosa ada ya shule na unga. Kanuni ikitungwa kwa kunakiliwa, itafanya moja kati ya mambo mawili: ama itamfukarisha mtu, au itageuka kuwa chanzo cha kitu kidogo kati ya mvuvi na mkaguzi, na chombo kitapita usiku kikiwa na maji yake ya ngama kamili. Tumeona kanuni nzuri za nyavu zikipatwa na mkasa huo.

Yafaa kwanza kuuliza hatari inaingilia wapi. Mtumbwi unaotoka Ikola kwenda Karema, au unaotoka Kisiwa cha Ulwile kuvuka kwenda Kirando, hauleti kitu ambacho maji hayo hayakuwa nacho tayari. Ziwa ni moja. Hatari inakuja kwa nchi kavu, juu ya lori. Na nchi kavu katika mkoa huu ina lango lake, nalo ni Mpanda. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga huishia hapa. Barabara ya Sumbawanga na ile ya kutoka Uvinza hukutana hapa. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa enzi za mgodi wa risasi, mwisho wake ni hapa. Chombo kikitoka Mwanza, injini ikiwa imetumika Rukwa, nyavu kuukuu zikiwa zimenunuliwa Ukerewe, vyote vitapita Mpanda kabla ya kushuka Karema. Lori lililosimama Mpanda likaguliwe Mpanda. Kumkagua mvuvi mwaloni, wakati chombo kimekwisha kugusa maji, ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka.

Hatuombi jengo jipya wala idara mpya. Yapo mageti ambako mazao ya misitu na mifugo hukaguliwa kila siku, na wamo ndani yake watumishi wenye madaftari. Waongezewe ukurasa mmoja: chombo gani, kimetoka ziwa gani, kilitolewa majini siku gani, ni kikavu au kina maji. Kilicho kikavu na safi kipite bila kulipa hata senti. Kilicho na maji kimwage pale pale, mbali na mfereji wowote, na kipewe karatasi inayotaja siku ya kwanza kinayoruhusiwa kushushwa ziwani. Jua la Katavi wakati wa kiangazi ni mkaguzi asiyehongwa, na ni la bure. Nyavu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa, maana furushi la nyavu lililofungwa mbichi hubaki na unyevu ndani yake siku nyingi. Lazima lifunguliwe na kutandazwa. Kanuni ifanye kazi pande zote mbili, kwa kuwa Ziwa Rukwa nalo, ambalo ncha yake ya kaskazini iko kwetu Mpimbwe, lina haki ya kulindwa na kile ambacho chombo cha Tanganyika kingeweza kulipelekea.

Sheria inasema nini? Ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayetaka kuingiza samaki hai au aina ngeni anapaswa kuwa na kibali. Kwa maoni yetu udhaifu uko hapa: sheria za namna hii humlenga mtu anayeingiza kiumbe kwa kukusudia, mwenye sanduku na karatasi. Kome hana mwagizaji. Hubebwa na mtu asiyejua kwamba amebeba, na huwezi kumdai kibali mtu wa namna hiyo. Unachoweza ni kumtaka akaushe chombo chake. Kwa hiyo lingefaa agizo fupi la wazi, hata kama litaanza kama sheria ndogo za halmashauri zetu za Mpanda, Tanganyika na Mpimbwe, linalosema kwamba chombo cha uvuvi au usafiri kilichotumika katika maji mengine hakitashushwa ziwani kikiwa na maji, matope au majani. Mstari mmoja tu, unaoweza kubandikwa kwenye kila mwalo.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, hasa wa Ulwile, Mvuna na visiwa vingine vya Kipili, ambao tulikuwa nao mkoa mmoja hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, tuna neno la pekee. Ninyi hamna barabara. Mtumbwi ndio basi lenu, ndio gari lenu la wagonjwa, ndio lori lenu la mahindi. Ikisemwa kwamba kuna kanuni mpya ya vyombo, mna haki ya kutia shaka. Twarudia kwamba kanuni tunayoipendekeza haimgusi anayevuka kwenda zahanati au sokoni. Inamgusa mwenyeji wenu aliyenunua boti kuukuu Mwanza kwa bei nafuu akaja nayo. Na katika jambo hili macho yenu ni bora kuliko ya mkaguzi yeyote. Mtu wa kisiwani huyajua mawe yake. Akiona jiwe limeota magamba madogo ya kahawia au ya manjano yaliyoshikana kama punje za hindi, na yakibanduliwa yanavuta nyuzi, asiyatupe majini tena. Ayatie katika chupa yenye pombe kali au ayafunge katika chumvi, aandike siku na mahali, na ayafikishe kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wake, ili yapelekwe kwa wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, walioko Kigoma.

Kwa upande wa wakubwa tunayo mawili ambayo hayamhusu mvuvi hata kidogo, na huenda yana uzito zaidi. La kwanza ni mitambo ya ujenzi. Bandari mpya ya Karema imejengwa ili mizigo ya Kongo ipite kwetu, na bandari huhitaji kuchimbuliwa mchanga mara kwa mara. Mashine za kuchimbua mchanga, matishari na maboya hutumika leo katika ziwa moja na kesho katika jingine, na chuma chenye pembe na mashimo mengi ndicho kome akipendacho. Mvuvi mwenye mtumbwi wa mita saba akaguliwe, mkandarasi mwenye mtambo wa tani nyingi apite kwa saluti? Kila mkataba wa kazi ya majini uwe na kifungu kinachomtaka mkandarasi kuonyesha kwamba mtambo wake ulisafishwa na kukaushwa kabla ya kuingia, na gharama iwe yake. La pili ni vifaranga vya samaki kwa ajili ya vizimba. Ufugaji wa vizimba unahimizwa, na hatuupingi, lakini kifaranga husafiri ndani ya maji, na maji hayo humwagwa ziwani pamoja naye. Vifaranga vya kufugwa humu vizalishwe humu, kutoka samaki wa ziwa hili.

Kisha yako majirani. Katavi ikikaza na Kalemie ikalegeza, tutakuwa tumefunga dirisha moja katika nyumba yenye madirisha manne. Nchi nne zilitia sahihi mkataba wa pamoja wa ziwa hili mjini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ilianza mwaka 2008. Nchi hizo hizo zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kupatana juu ya jambo gumu, maana kumwambia mvuvi asivue miezi mitatu ni kugumu kuliko kumwambia akaushe mtumbwi. Wala si kwa faida yetu peke yetu. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga kwenda Lualaba na hatimaye mto Kongo. Kitakachoota Karema leo kitakuwa na njia ya maji mpaka Kisangani na Kinshasa, bila kuhitaji lori.

Kazi ya kwanza yaweza kuanza bila kungoja mkutano wa nchi nne. Ziwa likifungwa tena, kutakuwa na siku inayojulikana mapema ya kufunguliwa, na wiki mbili kabla ya siku hiyo ndizo vyombo vitakuwa vikirudi kwa wingi kupitia Mpanda. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa na maofisa uvuvi wa halmashauri waweke katika wiki hizo mbili watu wawili kwenye kila geti, wenye daftari, tochi na sifongo. Daftari likijaa, nakala ya orodha ya vyombo vilivyokaguliwa, pamoja na mahali vilikotoka, ibandikwe ukutani katika ofisi za vijiji vya Karema na Ikola, ili kila mvuvi aisome na aweze kusema ni chombo gani kimo majini bila kuwamo katika orodha.